Bibi Anargul, Msema Ndiyo wa Dehtut

Kwa miaka ishirini na sita wasichana wote wa Dehtut waliolewa kwa sauti moja. Haikuwa sauti nzuri. Ilikuwa na mkwaruzo kama mlango wa zizi, kwa sababu mwenyewe alikuwa amevuta moshi wa tanuri la mikate tangu utotoni, na ilikuwa na tabia ya kupanda juu mwishoni mwa neno. Lakini ilisema "ndiyo" kwa namna ambayo hata shahidi mwenye masikio mazito aliisikia, na harusi ikaendelea, na wali ukaliwa ungali moto.

Mwenye sauti aliitwa Anargul. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye ncha za vidole zilizokolea hina isiyotoka tena. Ungemuuliza kazi yake, angekwambia ni kupamba maharusi: kuwatoa vinyweleo vya usoni kwa uzi, kuwasuka misuko myembamba, kuwatia hina viganjani na wanja machoni. Hiyo ya kusema ndiyo hakuitaja, kama mwoka mikate asivyotaja kwamba anatia chumvi. Hata hivyo wapambaji tulikuwa nao wanne. Msema ndiyo alikuwa mmoja.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Siku ya nikaha wanaume hukaa ua wa nje pamoja na mullah, wanawake hukaa ndani na bibi harusi, na katikati hutundikwa pazia. Mashahidi wawili huja mpaka kwenye pazia na kuuliza kama binti wa fulani amempa wakili wake wakala, yaani ruhusa ya kumwozesha. Wanauliza mara tatu. Mara ya kwanza msichana hunyamaza kwa haya. Mara ya pili hunyamaza kwa haya zaidi. Mara ya tatu inafaa ajibu, na shida ndiyo hapo: msichana anayesema ndiyo kwa mdomo wake, wanaume wa watu wakimsikia, ataonekana alikuwa akiingojea siku hiyo kwa hamu, na mama mkwe atamkumbusha mpaka azeeke. Kwa hiyo husemewa. Anargul alikaa ubavuni pake chini ya shela moja, mkono wa msichana ndani ya mkono wake, akajibu.

Mashahidi walijua. Mullah Barakat alijua. Bwana harusi alijua, maana mama yake na dada zake wote walikuwa wameolewa kwa mkwaruzo uleule. Kisha mashahidi walirudi uani wakaapa kwa jina la Mungu kwamba wamemsikia bibi harusi, wala hakuna aliyejiona mwongo. Ilikuwa adabu tu.

Mara moja, mwaka wake wa saba katika kazi hiyo, msichana mmoja aliyeitwa Zarghuna aliubana mkono wake chini ya shela. Aliubana swali la kwanza lilipoulizwa, akaubana la pili, na la tatu aliubana mpaka pete ya Anargul ikaingia kwenye nyama. Anargul akasema ndiyo. Nje kulikuwa na kondoo wanne waliokwisha kuchinjwa. Zarghuna alipelekwa nyumba ya tatu kutoka msikitini, na kwa muda wa miaka kumi na tisa wanawake hao wawili walikutana karibu kila asubuhi kwenye tanuri la pamoja la mtaa. Zarghuna alimsalimu vizuri kila siku. Salaam, na jina, na basi. Meno yake ya mbele hayakuwepo tena, na hakuna aliyeuliza yalikokwenda, maana nyumba ya tatu kutoka msikitini si mbali na kelele zake zilisikika.

Kisha mfalme akaandika kitabu.

Mfalme wa Afghanistan wakati huo alikuwa kijana, na alikuwa na haraka. Alitunga sheria ya nchi nzima, ambayo mwenye kutusomea alisema inamfunga kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Watu wakatazamana, maana kufungwa kwa wadogo walikuwa wakikujua. Kisha ikasomwa sehemu ya ndoa. Msichana asiolewe bila ridhaa yake. Mjane asirithiwe na shemeji yake pamoja na ng'ombe. Msichana asitolewe kulipia damu ya mtu aliyeuawa. Yote haya yalisomwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa na bwana mmoja aliyekuja kwa farasi kutoka Kabul, mwenye buti safi kupita kiasi.

"Huyu mfalme," aliuliza mzee Karam Ali bwana huyo alipomaliza, "amewahi kukaa nyumba moja na mama mkwe wake?"

"Sijui, baba," alisema bwana wa buti.

"Basi sisi tumejua."

Walicheka, wakaenda kula. Lakini kilibaki kitu kimoja kisichochekesha: tangu siku hiyo kila ndoa iliandikwa katika daftari la kadhi wa wilaya, na mashahidi walitakiwa kuapa kwamba wamemsikia bibi harusi kwa masikio yao, kwa sauti yake. Mwaka wa kwanza wa sheria, Dehtut iliandikisha ndoa kumi na moja. Mabibi harusi wote kumi na mmoja walikubali kwa sauti iliyopanda juu mwishoni. Mfalme akapata alichokitaka, nasi tukaendelea na tulichokizoea, na kwa mwaka mzima haikuonekana sababu ya vitu hivyo viwili kugombana.

Masika ya mwaka wa pili Shahwali mwana wa Nek Muhammad alimpiga Habib mwana wa Haji Ghaus beleshi la kichwa, kwenye mfereji, wakigombania zamu ya maji ya mizabibu. Habib alikufa siku ya tatu. Shahwali akajifungia kwenye nyumba ya kukaushia zabibu, ndugu zake wakalala na bunduki darini, na wazee wakakaa siku nne kutafuta suluhu. Suluhu waliyoipata ndiyo ileile wanayoipata siku zote. Shahwali alikuwa na dada, Mahliqa, wa miaka kumi na saba. Habib alikuwa na kaka, Sikandar. Binti aende kwa Sikandar, damu iishe.

Kwa kawaida msichana wa damu hapambwi. Hupandishwa punda jioni na nguo alizovaa, akapokewa mlangoni na watu wanaolia. Lakini kitabu cha mfalme kilikuwa kimepiga marufuku jambo hilo, na kadhi alikuwa ameanza kuwafunga wazee. Kwa hiyo wazee wetu, ambao walikuwa waangalifu, waliamua kwamba hii itakuwa harusi kama harusi nyingine: hina, mahari, mashahidi, daftari, na bibi harusi anayekubali. Hivyo sheria ya mfalme ilimfikia Mahliqa, ikampatia wanja.

Arbab Mirdad, mkuu wa kijiji, alikwenda nyumbani kwa Anargul siku ya Jumanne. Alisimama nje ya mlango kama inavyostahili, akakohoa.

"Salaam aleikum, dada."

"Waaleikum salaam, Arbab. Goti limepona?"

"Limepona. Alhamisi kuna harusi kwa Nek Muhammad."

"Nimesikia kuna harusi. Sijasikia matari."

"Matari si lazima. Wewe ndiye lazima. Karani wa kadhi anakuja mwenyewe safari hii, atakaa palepale uani na daftari lake. Kwa hiyo sema kwa nguvu, dada. Usiseme kama mtu aliyekwamwa na mfupa."

"Na kitabu? Si kinasema binti aseme mwenyewe?"

"Kitabu kiko Kabul," alisema Arbab. "Bunduki ziko hapa." Kisha akashusha sauti, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezika watu wengi. "Nyumba ya Nek Muhammad ina wanaume saba. Unawajua wote, wengine umewapaka hina mama zao. Ndiyo yako ikikwama, Ijumaa tutakuwa tunachimba."

Anargul alifikiria kuugua. Alifika mpaka kujifunga kitambaa kichwani. Lakini jioni ile ile jirani akamletea habari kwamba mke wa ndugu yake Nek Muhammad alikuwa akisema kisimani, "Akiugua na augue. Ndiyo hata mimi naweza kusema, si kazi ya ufundi hiyo." Anargul akakifungua kitambaa.

Jumatano adhuhuri alikuwa amekaa na Mahliqa kwenye chumba cha nyuma, mlango umefungwa, ncha moja ya uzi kwenye meno na nyingine vidoleni. Mama wa binti alikuwa uani akichambua mchele, akilia bila kuacha kuchambua.

"Fumba macho, mwanangu. Itauma kidogo."

"Ipi hiyo, shangazi? Ya uzi au ya kesho?"

"Ulimi wako huo."

"Ulimi wangu ninao leo tu, acha niutumie. Mama ameniapisha kwa Kurani kwamba kesho sitafungua mdomo. Hata chafya. Anasema nikitamka hapana Shahwali hamalizi siku."

"Basi nyamaza, ndivyo wanavyofanya wasichana."

"Nikinyamaza nimekubali. Mullah Barakat ameshasema, kunyamaza kwa mwali ni ridhaa yake." Mahliqa alifumbua jicho moja, la upande uliokwisha kutolewa vinyweleo, jekundu. "Nikisema, nimemuua kaka yangu. Nisiposema, nimeolewa. Unajua Sikandar ameapa nini? Ameapa sitakula chakula cha moto nyumbani kwake mpaka Habib afufuke. Shangazi, wewe umekaa na wasichana wengi chini ya ile shela. Hakuna aliyepata njia ya tatu?"

"Geuza shavu," alisema Anargul.

Binti akageuza shavu. Uzi ukapanda na kushuka. Uani mchele uliendelea kumiminwa sinia hadi sinia.

"Mkono haukuapishwa," alisema Mahliqa, taratibu, mdomo umebanwa ili ngozi isicheze. "Ni mdomo tu. Kesho nitaubana mkono wako mara moja. Sitakuomba kitu. Nataka tu ujue."

Uzi ukakatika. Anargul alitafuta mwingine kwenye kikapu kwa muda mrefu kuliko kikapu kilivyohitaji.

Alhamisi watu walifika mapema, wakala kidogo. Kwenye harusi za kwetu wageni hutundika bunduki zao kwenye matawi ya mforosadi uliopo uani, na watoto hupita chini wakizihesabu. Siku hiyo mforosadi ulikuwa na majani tu. Watu wa Haji Ghaus walikaa upande wa ukuta, watu wa Nek Muhammad upande wa mfereji, kila mtu na bunduki yake mapajani kama mtu aliyepakata mtoto. Katikati alikaa Arbab Mirdad, Mullah Barakat, na karani wa kadhi, Mirza Naqib, kijana mwembamba mwenye miwani na mafua, ambaye alipangusa pua, akafungua wino, akasema hana haraka. Hakuna aliyemwamini.

Ndani, nyuma ya pazia, wanawake walikuwa wamejaza chumba na hawakuimba. Mama yangu alikuwepo, ameshika sinia la lozi zilizovikwa sukari, na yeye ndiye aliyenisimulia yaliyotokea upande ule. Bibi Kawkab, mama wa marehemu Habib, alikuwa amekuja kumpokea bibi harusi. Alikaa akimkabili, amevaa nyeusi, tasbihi mkononi, hapepesi macho. Mahliqa na Anargul walikuwa chini ya shela ya kijani. Vilionekana vichwa viwili tu.

Mashahidi wakaja kwenye pazia. Mmoja alikuwa Sufi Rasul, mwingine Karam Ali, yule aliyeuliza habari za mama mkwe wa mfalme, ambaye sikio lake moja lilikuwa limekufa na la pili likiugua.

"Binti wa Nek Muhammad," akasema Sufi Rasul, "umempa ami yako wakala akuozeshe kwa Sikandar mwana wa Haji Ghaus, kwa mahari iliyotajwa?"

Kimya. Ndivyo ilivyotakiwa.

"Binti wa Nek Muhammad, umempa ami yako wakala?"

Kimya tena. Mtoto mmoja akaanza kulia akazibwa kwa lozi. Hapo ndipo Mahliqa alipoubana mkono. Anargul alisema baadaye kwamba hakubana kwa nguvu. Alibana kama mtu anayejaribu tikiti, hapana, alisema, kama mtu anayejaribu komamanga la watu, asije akalitia alama.

"Binti wa Nek Muhammad, mara ya tatu. Umempa?"

Yule mke wa ndugu yake Nek Muhammad akaanza kuvuta pumzi, tayari. Na chini ya shela ya kijani, kwa mkwaruzo ule, juu mwishoni, ikatoka:

"Hapana."

Sinia la mama yangu lilitoa mlio mdogo.

"Amesema nini?" aliuliza Karam Ali.

"Amesema ndiyo," alisema Sufi Rasul, kwa mazoea.

"Mimi sikusikia ndiyo."

"Wewe mwaka wa tatu huu husikii kitu."

"Hili nimelisikia," alisema Karam Ali, na sauti yake haikuwa na utani. "Binti, rudia."

"Hapana," ikasema shela. "Sikubali. Simpi mtu wakala wa kuniozesha kwa Sikandar, wala leo, wala kesho."

Mama wa Mahliqa akajipiga kofi usoni. Binti mwenyewe, mama yangu alisema, alikuwa amefunga mdomo mpaka midomo imekuwa myeupe. Kiapo chake hakikupata hata ufa.

Uani Mirza Naqib alikuwa amechovya kalamu. "Mashahidi, mmemsikia bibi harusi?"

"Tumemsikia," alisema Sufi Rasul, akitazama kiatu chake.

"Amekubali?"

Sufi Rasul akapata kikohozi. Ni Karam Ali aliyesema. "Amesema hapana. Mara mbili."

Upande wa ukuta vilisikika vyuma vya bunduki vikivutwa nyuma, kimoja, halafu vingi pamoja. Upande wa mfereji vikajibu. Sikandar alikuwa amekwisha kusimama. Na Arbab Mirdad, aliyetaka kuokoa watu saba, akaruka juu kwa goti lake bovu na kufanya kosa ambalo mtu wa Dehtut tu angelifanya.

"Kaeni chini! Huyo si bibi harusi! Huyo ni Anargul! Sauti ile hata punda wangu anaijua!"

Mirza Naqib akaweka kalamu chini.

"Anargul ni nani?"

Arbab akafungua mdomo, akaanza kuona.

"Mpambaji," alisema. "Mwanamke... mpambaji."

"Na umeijuaje sauti yake, Arbab? Huwa anasema nini?"

Mirza Naqib alipangusa pua, akageuza kurasa za daftari kwa utulivu wa mtu anayelipwa kwa mwezi.

"Dehtut. Tangu mwaka jana, ndoa kumi na moja. Kila moja imeandikwa: bibi harusi amesikika kwa sauti yake mwenyewe. Shahidi, Karam Ali. Shahidi, Karam Ali. Karam Ali tena. Mzee, una masikio yenye bidii. Hii ya nne, bwana harusi ni Arbab Mirdad mwenyewe."

Arbab alikuwa ameoa mke wa tatu masika yaliyopita, msichana wa kijiji cha juu aliyekuja na kipande kizuri cha mizabibu. Kaka zake wawili walikuwa wamealikwa, wamekaa karibu na lango, na tangu mavuno walikuwa wakikitamani kile kipande.

"Shemeji," mmoja wao alisema kwa upole sana, "hebu tusikie vizuri. Dada yetu alisema mwenyewe, au alisemewa?"

"Mimi ni mtu wa kuandika tu," alisema Mirza Naqib. "Sauti iliyosikika leo ama ni ya bibi harusi, naandika hapana, nafunga daftari. Ama si ya bibi harusi. Basi nitaandika hivyo, halafu nitarudi kwenye ukurasa wa kwanza, niulize kila mke wa kijiji hiki alisikika kwa sauti ya nani. Sina haraka. Niliwaambia."

Sasa fikiria ua ule. Watu kama arobaini, bunduki zimejaa, kila mmoja tayari kufa kwa ajili ya damu ya Habib au kwa ajili ya jina la Nek Muhammad. Wakagundua wote kwa pamoja kwamba wako tayari kufa, lakini hawako tayari kuwa hawajaoa. Mullah Barakat, aliyewafungisha wote, alikuwa akiangalia juu ya mforosadi kana kwamba kuna aya imeandikwa huko.

"Ni sauti ya bibi harusi," alisema Karam Ali. "Naapa."

"Sufi Rasul?"

"Naapa," alisema Sufi Rasul.

"Arbab?"

Arbab Mirdad alikaa chini polepole. "Ni bibi harusi," alisema. "Nilidanganyika."

Mirza Naqib akaandika. Kalamu yake ilisikika ua mzima.

Lakini Sikandar hakuwa na mke, hakuwa na cha kupoteza katika daftari lile. Alivuka ua kwa hatua tano, bunduki mkononi, akafika kwenye pazia. "Nileteeni huyo kizee! Nitamtoa huo ulimi!" Chini ya shela Anargul alihisi mkono wa Mahliqa ukimshika tena, mara hii kwa vidole vyote. Pazia likavutwa upande mmoja. Aliyelivuta hakuwa Sikandar. Alikuwa mama yake.

"Kaa chini," alisema Bibi Kawkab.

"Mama, damu ya Habib..."

"Damu ya Habib niliifua mimi kwenye shuka, si wewe. Siku nne mmekaa kuniamulia, hata mmoja hakuja kuniuliza. Mmeniletea dada wa muuaji nimpikie, nimsuke, aniite mama. Ningemfanya nini? Ningemuua kabla ya zabibu kuiva, nawaapia, kisha mngenioza mimi kwa nani kulipia?" Alikuwa amesimama mbele ya wanaume bila pazia, na kwa mara ya kwanza haikumpitia mtu yeyote akilini kumwambia ajifunike. "Simtaki huyu. Namtaka aliyeshika beleshi."

Mirza Naqib aliinua kichwa. "Hilo, mama, lina ukurasa wake," alisema. "Kadhi ndiye wa kuhukumu aliyeua. Si dada yake."

Upande wa mfereji hawakutaka. Walibishana mpaka alasiri, na bunduki hazikushuka mapajani mpaka Shahwali mwenyewe alipotoka kwenye nyumba ya zabibu, amechafuka vumbi tamu kichwani, na kujipeleka mbele ya karani. Wengine wanasema alitoka kwa ushujaa. Mama yangu anasema Mahliqa alimtumia maneno kwa mdogo wao: kiapo chake kilikuwa cha siku moja, na kesho angekuwa na mdomo wa kusema mbele ya kadhi. Shahwali alifungwa Kabul miaka tisa, akarudi na ndevu za mvi na ufundi wa kushona viatu. Watu wa Haji Ghaus walipewa pia zamu mbili za maji kila wiki. Maji yaleyale ambayo masika hayakugawanyika.

Mama wa Mahliqa hakumsalimu tena Anargul mpaka kufa, na hakuna anayemlaumu. Arbab alimpiga marufuku kukanyaga harusi yoyote, hivyo kwa miaka mitatu maharusi wa Dehtut walinyamaza mara tatu, na mara nne, na mara tano, na wali ukapoa. Kisha mfalme alipinduliwa akaondoka nchini, kitabu chake kikatolewa msikitini, na nasikia muuza duka alifungia chai kwa karatasi zake. Wiki hiyohiyo Arbab alikwenda kwa Anargul, akakohoa mlangoni, akasema mambo sasa yamerudi kama zamani, na yeye arudi. Anargul alirudi. Aliomba jambo moja, akae na msichana peke yao siku ya kutoa vinyweleo, mlango umefungwa. Arbab hakuona ubaya, maana uso sharti usafishwe. Baada ya hapo ndoa mbili zilivunjika kabla ya kondoo kuchinjwa, bila kelele, kwa sababu ambazo kila familia ilizieleza kivyake.

Mahliqa aliolewa baadaye Charikar, kwa mhunzi wa visu. Alijibu mwenyewe, swali la kwanza tu, na mama mkwe wake anamkumbusha mpaka leo.

Lakini asubuhi ya Ijumaa ile, siku moja baada ya harusi ambayo haikuwa, hakuna aliyejua hayo. Anargul alichukua beseni lake la unga uliokandwa akaenda kwenye tanuri kama kawaida, kwa sababu mtu hula. Wanawake walikuwa wamechuchumaa kuzunguka moto. Walipomwona walisogea, wakaacha nafasi kubwa kila upande wake, kana kwamba joto linatoka kwake. Alianza kufinyanga donge la kwanza. Donge halikukubali kuwa duara.

Zarghuna alihamisha beseni lake, akalileta mpaka likagusana na la Anargul, akachuchumaa.

"Salaam, Anargul," alisema.

"Salaam, Zarghuna."

Kwa miaka kumi na tisa yaliishia hapo. Zarghuna akainama juu ya mdomo wa tanuri, akaubandika mkate wake kwenye ukuta wa ndani, akautazama ukianza kuvimba.

"Aliubana mara ngapi?" akauliza.

Anargul hakujifanya hajaelewa. "Mara moja."

"Mimi mara tatu," alisema Zarghuna, akanyoosha mkono kuchukua donge lililomshinda mwenzake, akalifinyanga vizuri, akaliingiza ndani.